Wameingia wawili, sisi tukahesabu mmoja

Kuna mwanasosholojia mmoja wa Marekani anaitwa James Bossard, mwaka 1945 aliandika kitu kifupi tu ambacho mi naona kila mtu anayetaka kumchukua mtoto wa marehemu akamlee angekisoma kabla hajatandika kitanda. Alisema watu wakiongezeka ndani ya nyumba mmoja mmoja, mahusiano hayaongezeki moja moja, yanaruka. Watu wawili wana uhusiano mmoja, watatu wana matatu, wakifika nane ni 28, tisa ni 36. Unachukua idadi ya watu unazidisha na idadi hiyohiyo ukipunguza moja, halafu unagawa kwa mbili, basi, hesabu ya darasani.

Naileta hapa kwa sababu nimewahi kuishi ndani ya hiyo 36. Kwetu tulikuwa nane, baba, mama, bibi na sisi watoto watano, halafu mama mkubwa akafariki na binti yake wa pekee akaja kukaa kwetu, dada yangu, yeye ana miaka 15 mi nina 12. Alikotoka walikuwa wawili tu yeye na mama yake, uhusiano mmoja, na huo mmoja ndio uliokatika. Akaingia kwenye nyumba yenye mahusiano 28 yaliyokuwepo kabla yake, yenye utani wake na ugomvi wake wa zamani na siti zake, nani hakai karibu na nani, baba akikohoa mara mbili maana yake nini, na juu ya hapo anatakiwa ajenge manane ya kwake kwa mpigo na ayajenge huku amefiwa. Akapewa kitanda changu, mi nikashushwa chini kwenye godoro na mdogo wangu. Hicho kitanda nitakirudia.

Waliokuja kutupa pole walikuwa wanasema neno lilelile, afadhali amekuja nyumba yenye watu, hatakuwa mpweke, atachangamka, atasahau haraka. Na wanasema kwa nia njema kabisa, hata leo nasikia watu wanasema hivyo mtoto akihamishiwa kwa ndugu au mzazi aliyebaki akioa au kuolewa na mtu mwenye watoto wake wengi. Mi nadhani hiyo kauli ina kosa la hesabu. Kila mtu pale alihesabu ameingia mtu mmoja, kumbe wameingia wawili, yule binti na mama yake. Na huyu wa pili hakuwekewa nafasi popote, hakuna aliyemtaja, hana picha ukutani, akitajwa kwa bahati mbaya watu wanaangalia chini halafu mtu anawasha tivii.

Sasa hebu fikiria upweke wa aina hiyo. Kelele zipo, watoto wapo, usiku mnalala wanne chumba kimoja, lakini hakuna hata mmoja kati ya wale watoto anayejua mama yako alikuwa anakuitaje ukichelewa kuamka, alikuwa anaimba wimbo gani akifagia, alikuwa anadanganya vipi akiulizwa umri. Vitu vya kijinga tu. Mtu akifa ndani ya familia mliyokuwa naye wote, kumbukumbu zimetawanyika, wewe ukisahau kaka yako anakumbuka, mnabishana hadi mnacheka. Huyu aliyehamia peke yake kwenye ukoo wa watu wengi kabeba kila kitu kichwani kwake, na ana miaka 15, na anajua akisahau basi imeisha. Halafu watu wanamwombea asahau haraka!

Hapo mtu ataniambia lakini kwenu mama yako alimjua marehemu, alikuwa dada yake. Kweli kabisa, na hili linachanganya zaidi kuliko linavyosaidia. Mama alikuwa analilia dada yake mkubwa, yule aliyembeba mgongoni na kumfichia makosa, dada yangu alikuwa analilia mama yake, na hawa ni watu wawili tofauti ingawa jeneza lilikuwa moja. Mama akimsifia marehemu alikuwa anamsifia msichana wa zamani ambaye binti yake hajawahi kukutana naye. Nakumbuka siku moja mama alisema "dada hakuwahi kumpigia mtu kelele maisha yake yote" na dada yangu akainua macho akamwangalia, hakusema kitu, ila mi nikiwa mtoto nilijua pale kuna uongo au kuna mtu amenyang'anywa kitu. Mama yake alikuwa anampigia kelele bwana. Kila mama anapiga kelele. Ukimfanya marehemu malaika mbele ya mtoto wake umemuua mara ya pili, maana yule mwenye kelele ndiye aliyekuwa wake.

Kwenye saikolojia haya mambo yamezunguka sana hadi kufika mahali penye akili. Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, mwaka 1917 aliandika kwamba kazi ya huzuni ni kujitoa kidogo kidogo kwa aliyekufa hadi moyo uwe huru kushika kitu kingine, na hiyo fikra imetembea dunia nzima, watu wanaisema bila kujua imetoka wapi, "achilia, songa mbele". Ila January 1920 binti yake mwenyewe Sophie akafa kwa mafua yaliyokuwa yanaua watu kipindi kile, na mwaka 1929 akimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger aliyekuwa amefiwa na mtoto, akakiri kwamba pengo lile halipati wa kuliziba na hata likizibwa kile kilichoziba kinabaki kitu kingine. Miaka tisa. Mi huwa naipenda hiyo barua kuliko ile nadharia.

Halafu kuna zile hatua tano za huzuni za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross za mwaka 1969, kukataa, hasira na kadhalika hadi kukubali, ambazo kila mtu anazo mdomoni siku hizi na wazazi wanazitumia kama ratiba ya basi, "huyu ashapita hasira, bado hajafika kukubali". Kübler-Ross alizitoa kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe, hakuzitoa kwa watoto waliofiwa. Kijana wa miaka 15 ukimpima kwa hiyo ratiba utamwona kila siku amechelewa.

Utafiti unaonigusa mimi ni ule uliofanyika eneo la Boston ukiongozwa na William Worden na Phyllis Silverman, walifuatilia watoto 125 wa umri wa miaka 6 hadi 17 kutoka familia 70, wote wamefiwa na mzazi, kwa miaka miwili, wakiwalinganisha na watoto wenye wazazi wote. Mambo mawili yalitoka pale. La kwanza, wengi wa wale watoto hawakuwa wamemwachilia marehemu hata kidogo, walikuwa wanaongea naye, wanamwota, wanashika kitu chake, wanajiuliza angesema nini, na hawakuwa wagonjwa, walikuwa wanakua tu na mzazi wao ndani yao. Silverman na wenzake mwaka 1996 wakaandika wazi kwamba huo uhusiano unaendelea, unabadilika sura lakini haukatiki. La pili ndilo lenye kazi kubwa kwa nyumba zetu. Kwa baadhi ya watoto, tofauti kati yao na wenzao wasiofiwa ilikuwa inaonekana zaidi mwaka wa pili kuliko mwaka wa kwanza.

Mwaka wa pili! Ambapo wanaotoa pole wameshaacha kupiga simu, mwalimu ameshasahau, na nyinyi mliomchukua mmeshaambiana kimoyomoyo kwamba amezoea.

Hilo neno amezoea linanitisha. Dada yangu mwaka wa kwanza alikuwa mtoto bora nyumba nzima, anaamka kabla ya wote, anaosha vyombo bila kuambiwa, hana ubishi, akipewa asante, akinyimwa asante, na sisi wengine tulikuwa tunatukanwa kwa mfano wake, "mwangalieni mwenzenu". Wahenga walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, huyu siku ya kwanza alijichukulia jembe mwenyewe ili asipewe sababu ya kufukuzwa. Mtoto aliyejifunza kwamba mtu anaweza kuondoka asubuhi na jioni asiwepo, unadhani atathubutu kukununia wewe ambaye ndiye tandiko lake la mwisho? Ile adabu yote ilikuwa woga. Tungejua tungeuliza, mbona huyu mtoto wa miaka 15 hajawahi kukasirika? Kijana ambaye hajawahi kufunga mlango kwa nguvu ndani ya nyumba yako bado hajahamia, yuko mapokezi.

Na huzuni ya umri huo haikai mkao ambao watu wazima wanautarajia. Watafiti wa msiba Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa anaenda na kurudi, saa hii yuko kwenye msiba, saa inayofuata yuko kwenye maisha mapya anajifunza njia za mtaa, na huko kwenda na kurudi ndio afya yenyewe. Kwa kijana hiyo pembea inaenda kasi kweli, saa kumi anacheka na wadogo zake mpaka anaanguka, saa moja usiku hataki kuguswa. Nyumba ya watu wawili ingemwelewa, nyumba ya watu tisa inamkamata kwenye kila upande na kumhukumu, akicheka "huyu kasahau mama yake mapema hivi", akinuna "si ulikuwa unacheka sasa hivi, una nini tena, tumekufanya nini". Kila saa kuna shahidi. Hakuna pembe ya kulilia. Kwetu mlango pekee wenye komeo ulikuwa wa bafuni na nje pana foleni ya watu saba wanagonga, kwa hiyo dada yangu alijifunza kulia kwa dakika nne na kufungua bomba kubwa ili sauti isisikike, na baba akawa analalamika maji, huyu mtoto anatumia maji sana. Mpaka leo nikisikia bomba linamwagika muda mrefu najua kuna kitu.

Chumba pia. Wanasema vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 na saa ya mwili wao inasogea mbele, wanachelewa kusinzia, sasa mchanganye huyo na msiba na umlaze na watoto wadogo wanaoamka na jogoo, halafu ukimkuta anasinzia mchana useme mvivu. Sisemi kila familia itafute chumba cha ziada, wengi hatuna. Nasema pazia, kona, saa moja kwa siku ambayo chumba ni chake na mdogo akiingia anaitwa atoke. Saa moja tu, lakini iwe ya kweli.

Siku hizi kuna kitu kingine ambacho sisi hatukuwa nacho, simu. Simu ya kijana aliyefiwa imebeba mama yake, ujumbe wa sauti wa sekunde 11 unaosema "usisahau kufunga dirisha", picha mbaya zilizotoka ukungu, kile kialama cha kuonyesha mara ya mwisho alikuwa hewani lini. Kwenye nyumba yenye watoto wengi simu ni ya wote, mdogo anaiomba achezee gemu, memori imejaa, anafuta vitu ili gemu iingie. Nimesikia hili limetokea kwa kijana mmoja na mlezi akamwambia sawa pole, lakini huyu ni mtoto, hakujua, msamehe. Kijana alipiga ukuta hadi mkono ukavimba na nyumba nzima ikaandika kwamba ana hasira za ajabu. Na wengine adhabu yao ya kwanza mtoto akikosea ni kumnyang'anya simu wiki nzima. Kabla hujamnyang'anya mtoto wa aina hii simu uliza ndani yake kuna nani. Na siku ya kwanza tu kabla ya mabegi hayajafunguliwa mtafutie mtu amnakilie zile sauti na picha sehemu mbili tatu, ni kazi ya nusu saa.

Suala la majina nalipita haraka ingawa lina makovu. Dada yangu alikuwa anamwita mama yangu mama mdogo tangu anajua kuongea, ni haki yake na ni sahihi. Mwezi wa tatu bibi akasema aache hiyo mdogo, aseme mama kama wenzake ili ajisikie nyumbani. Alitii, bila shaka, kipindi kile alikuwa anatii kila kitu, ila tukagundua ameacha kumwita kabisa, akimtaka anasogea hadi karibu halafu anaanza kuongea. Miezi mingi hivyo. Neno dogo la silabi tatu lilikuwa ndilo linatenganisha aliye hai na aliyekufa na sisi tukaona ni heshima kuling'oa.

Ila nisiwe mtu wa upande mmoja, watoto wenyeji nao wana kesi. Mi nilikuwa mtoto wa pili, alipoingia nikawa wa tatu, kitanda kimeenda, mama ana macho mekundu na hana muda na mi, na hakuna mtu aliyenikalisha chini kunieleza lolote zaidi ya "msimuulize habari za mama yake". Kwa hiyo hatukuuliza. Ukimya ule sisi watoto tulioagizwa tuutunze, tulikuwa tunautunza kama walinzi. Mtoto wa miaka 12 angeweza kabisa kuuliza "mama yako alikuwa anapenda nini" na pengine angejibiwa, watoto wanaulizana mambo mazito kirahisi kuliko wakubwa. Tulizibwa mdomo kwa ajili ya starehe ya watu wazima, mi ndivyo ninavyoona. Na yeye naye alipoteza cheo, alikuwa mtoto wa kwanza na wa mwisho kwa mama yake, kwetu akawa mmoja wa sita, jina lake linatajwa katikati ya orodha.

Wala hakuulizwa anataka kukaa kwa nani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kifungu cha 12 unasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu watoto wanaolelewa nje ya wazazi wao inasisitiza ndugu wasitenganishwe bila sababu na mtoto asipelekwe mbali na alikozoea ikiwezekana. Kikao cha familia kilikaa, kikaamua, yeye alikuwa chumba cha pili anasikia jina lake likipita kwenye ukuta. Hata kama uamuzi ungekuwa uleule, kuulizwa kungebadilisha kitu.

Watu wakiniuliza basi inachukua muda gani nawapa jibu lisilofurahisha. Patricia Papernow, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezichambua familia za kambo kwa muda mrefu, anazungumzia miaka, kama minne hadi saba mpaka nyumba ya kuunganisha itulie, na hapo hajaweka msiba wa mtoto juu yake. Ukimchukua akiwa na 15 maana yake anaweza kuwa ameshaondoka kwenu kabla hamjamaliza kuzoeana, na hiyo ni sawa, familia nyingine zinakamilika kwa simu, mtoto ameshakuwa mtu mzima anapiga Jumapili anaongea saa nzima mambo ambayo hakuwahi kuyasema mezani.

Kuna pembe moja ambayo siifanyii utani. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani kwenye mwongozo wao wa mwaka 2022 waliweka huzuni iliyorefuka kama tatizo la kutibiwa, na kwa watoto na vijana kipimo ni angalau miezi sita, tofauti na mtu mzima ambaye ni mwaka mzima. Hii haimaanishi mwezi wa saba umkimbize hospitali kwa sababu analia. Inamaanisha akiwa kila siku amenasa, hali chakula vizuri, shule imemshinda, maisha hayana maana, hapo mtafutie mtu mwenye ujuzi, na akisema anataka kumfuata marehemu hata kwa utani usisubiri miezi yoyote, ni siku hiyohiyo. Kwenye nyumba ya watu tisa kila mmoja anadhani mwenzake ameona, na hapo ndipo watoto wanapopotea.

Nilisema nitarudi kwenye kitanda. Ilikuwa mwaka wa pili na miezi kidogo, nilikuwa nimerudi shule nimechoka nikajitupa pale juu na viatu, kitanda kilichokuwa changu miaka yangu yote kabla hajaja. Akaingia, akasimama, halafu akapiga kelele ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "toka kitandani kwangu!" Akarudia. Bibi akatoka huko anasema mtoto huyu amekuwaje, tumemlea kwa upole anatulipa hivi, baba akaanza kukohoa kile kikohozi chake. Mi nikamwangalia mama nikisubiri anitetee maana haki ilikuwa upande wangu kabisa. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika kiuno, anamwangalia dada kama mtu aliyesikia sauti anayoifahamu.

"Wee," akaniambia, "hujasikia? Toka. Amesema ni chake."